Maswali ya wazazi kuhusu kubadilika kwa walimu na elimu jumuishi katika shule yetu ya msingi

Tangu shule zifunguliwe Januari simu yangu haijapumzika. Sista aliyekuwa mwalimu mkuu amehamishwa, walimu wawili wamepata ajira serikalini, na mwalimu wa elimu maalum tuliyemsubiri muda mrefu ameripoti. Wazazi wananiuliza getini, nje ya kanisa baada ya misa, ghalani wakati wa kupima korosho, na kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane.

Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi, na pia ni mama wa mtoto mwenye ualbino anayesoma darasa la nne hapa hapa. Nimeyakusanya maswali yanayojirudia, nikakaa na mwalimu mkuu mpya, meneja wa shule na walimu wenyewe, ndipo nikaandika. Jibu likikurudisha kwenye swali jingine, rudi huko usome. Sikutaka kusema jambo moja mara tatu.

## Mambo ya kuanzia

1. Ni nani hasa ameondoka, na nani ameingia?

Wameondoka watatu: mwalimu mkuu, mwalimu wa Hisabati wa madarasa ya juu, na mwalimu wa darasa la kwanza. Wameingia watatu pia: mwalimu mkuu mpya, naye ni sista wa shirika lilelile, mwalimu wa elimu maalum aliyesomea Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, na kijana wa Hisabati ambaye yuko kwenye majaribio. Ukihesabu vichwa tumetoka sare, lakini darasa la kwanza bado halina mwalimu wake. Hilo nimelieleza kwenye swali la 7.

2. Elimu jumuishi ndiyo nini? Shule yetu imegeuka kuwa ya walemavu?

Haijageuka. Elimu jumuishi ni mtoto mwenye ulemavu kusoma darasa moja na watoto wa mtaani kwake, na shule ndiyo inayojirekebisha ili apate kusoma: namna ya kuandika ubaoni, mahali pa kukaa, mlango wa darasa, choo, vitabu, hata namna mwalimu anavyouliza maswali.

Watu wengi wanaichanganya na shule maalum. Shule maalum zipo na zimefanya kazi kubwa. Ya kwanza ya wasioona nchini, Buigiri kule Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Ya kwanza ya viziwi ilianzishwa Tabora na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Lakini fikiria mzazi wa Liwale au Tandahimba wa miaka hiyo, mtoto ana miaka saba, na shule iko Tabora. Wengi walibaki na watoto wao uani. Elimu jumuishi imekuja kwa ajili ya mtoto huyo wa uani.

3. Ni hiari ya shule au ni lazima?

Ni sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, iwe ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya aina ya pekee. Shule yetu ni ya binafsi kwa maana ya umiliki, kwa hiyo imo.

Kwa upande wa Kanisa, jambo hili halikuletwa na wafadhili juzi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1965 kwamba kila mtu, wa hali yoyote, ana haki ya kuelimishwa. Paroko aliikumbusha siku ya kikao cha wazazi, nami nikaona baadhi yetu tunainamisha macho, kwa sababu ni sisi tuliokuwa tunanong'ona kwamba "yule mtoto wa kiti mwendo" atatuchelewesha.

4. Sisi ni Waislamu. Mabadiliko haya yatamgusa mtoto wetu upande wa dini?

Hapana. Mkoa wetu wa Mtwara ni wa Waislamu wengi na shule hii imewapokea tangu ianze. Uhuru wa dini uko kwenye Katiba, ibara ya 19, na mwalimu mkuu mpya ameniambia wazi kwamba utaratibu wa vipindi vya dini unabaki kama ulivyokuwa.

## Walimu kuondoka na kuingia

5. Kwa nini Sista amehamishwa? Amefanya kosa gani?

Hakufanya kosa. Mtawa ana nadhiri ya utii. Barua ikitoka kwa Mama Mkuu wa shirika, anafunga sanduku. Leo yuko shuleni, kesho anaweza kupangiwa zahanati, nyumba ya malezi au shule nyingine jimbo jingine. Kwa masista jambo hili ni la kawaida, ila kwetu lilitua kama kifo, maana alikaa miaka mingi na alijua mtoto gani hanywi uji na mama gani anadaiwa ada.

Wapo waliotaka tuandike barua kwa Askofu ili arudishwe. Kamati ilikataa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokataa. Kumng'ang'ania ni kumsumbua yeye na kumkaribisha vibaya anayekuja. Tulilomwomba ni moja tu: asiondoke na yaliyomo kichwani mwake. Alikaa siku tatu na mwenzake wakapitia mtoto mmoja mmoja. Matunda ya siku hizo tatu utayaona kwenye swali la 12.

6. Kwa nini walimu wetu wanakimbilia serikalini kila ajira zikitangazwa?

Nimejibiwa na walimu wenyewe, wawili walioondoka na wengine waliobaki. Ajira ya serikali ina uhakika. Mshahara unaingia bila kujali wazazi wamelipa au hawajalipa, kuna pensheni, na benki inamkopesha mtumishi wa serikali haraka. Sekretarieti ya Ajira ikitangaza nafasi za ualimu, kijana mwenye mke na mtoto hawezi kuacha kuomba, na ukiwa mkweli usingetaka mwanao aache kuomba.

Sasa tuseme lile ambalo kwenye vikao tunalipitia kwa mbali. Mshahara wa mwalimu wa shule kama yetu unatoka kwenye ada. Ada zetu zinafuata korosho. Minada inaanza Oktoba, malipo yanapitia kwenye AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na kufikia Desemba wengi tunalipa madeni kwa pamoja. Halafu inakuja Mei, Juni, Julai. Korosho hakuna, na ofisi ya mhasibu inakuwa kimya. Mwalimu anakula nini miezi hiyo? Mwalimu wetu wa Hisabati aliniambia siku ya kuaga: "Mama Katibu, watoto nawapenda, lakini mwenye nyumba hapokei upendo." Sikuwa na la kumjibu.

Kamati imependekeza kwamba mwenye uwezo atenge ada ya muhula wa pili mapema, fedha za korosho zinapoingia. Hatujalazimisha. Tumeomba.

7. Darasa la kwanza lina mwalimu au halina?

Lina mwalimu wa kushikilia. Mwalimu wa darasa la awali anafundisha awali asubuhi na mapema, kisha anahamia darasa la kwanza kwa Kusoma na Kuandika. Kuhesabu kunafundishwa na mwalimu wa taaluma. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na mmoja kwa watoto 45 wa shule ya msingi. Madarasa yetu yako ndani ya idadi hiyo, lakini mtu mmoja kushika mawili ni kumchosha, na watoto wa darasa la kwanza ndio wanaohitaji macho zaidi kuliko wote. Huko ndiko tunakogundua nani haoni, nani hasikii, nani anasoma herufi kinyumenyume.

Nafasi imetangazwa. Meneja ameahidi kuijaza kabla ya likizo fupi. Nitamkumbusha.

8. Mwalimu kuwa kwenye majaribio ni kwamba hana sifa?

Sifa anazo, vyeti vimekaguliwa. Majaribio ni kipindi cha mwanzo wa mkataba ambapo mwajiri na mwajiriwa wanapimana kabla ya kuthibitishana.

9. Waliondoka ghafla hivyo, sheria inaruhusu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe taarifa ya siku 28. Mmoja alitoa, mwingine alielewana na uongozi kwa sababu tarehe ya kuripoti kituo kipya ilikuwa imemkaba. Malipo ya likizo na cheti cha utumishi ni mambo kati yao na mwajiri. Kamati haina haki ya kuyapekua na wazazi wasituombe tuyatangaze.

10. Wale vijana wa Ulaya wanaokuja kujitolea si wangejaza nafasi?

Huku kwetu tumewazoea wageni, Wabenediktini wako Ndanda tangu mwaka 1906. Kijana wa kujitolea anasaidia: michezo, kuchora, kusoma hadithi na mtoto mmoja mmoja, kompyuta. Lakini anakaa miezi michache, Kiswahili chake bado kinajifunza kutembea, na lazima awe na kibali cha ukaazi kinachoendana na anachokifanya. Hawezi kuhesabiwa kuwa mwalimu wa darasa. Mtoto mwenye usonji, hasa, akizoea sura moja kisha ikapotea baada ya miezi mitatu, anaumia kwa namna ambayo mgeni haioni, kwa sababu ameshapanda ndege.

## Darasani kukoje

11. Mwalimu wa elimu maalum ana darasa lake? Anafanya nini siku nzima?

Hana darasa lake, na msimwombe awe nalo. Tukimjengea chumba chake tutakuwa tumeanzisha shule maalum ndogo nyuma ya stoo.

Asubuhi anaingia kwenye madarasa ya wenzake, anakaa nyuma, anaangalia. Baadaye anakaa na mwalimu wa somo wanaangalia andalio la somo pamoja: swali hili litamfikiaje mtoto asiyeona vizuri, kazi hii mtoto mwenye ulemavu wa akili aifanye kwa hatua ngapi. Vipindi vichache kwa wiki anachukua watoto wawili watatu kwa jambo mahsusi. Kwa sasa kuna mmoja anayejifunza nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole, kwa sababu uoni wake unapungua kila mwaka. Ijumaa baada ya masomo anawafundisha walimu wenzake.

Hatari ninayoiona ni kwamba kila mtoto msumbufu sasa anasukumwa kwake. Wiki ya pili tu aliletewa wavulana wanne ambao tatizo lao ni kukosa usingizi, basi. Mwalimu mkuu amelisimamisha hilo, na wazazi nasi tusiwapeleke watoto mlangoni kwake bila kupitia kwa mwalimu wa darasa.

12. Mwanangu ana mahitaji yake, na mwalimu aliyemjua ameondoka. Huyu mpya atajuaje?

Swali hili ndilo lililonifanya nianze kuandika, kwa sababu ni langu pia.

Katika zile siku tatu za makabidhiano, Sista alifungua kaunta buku jipya, akampa kila mtoto mwenye mahitaji kurasa mbili. Hakuandika majina ya magonjwa. Aliandika vitu vya kufanya. Ukurasa wa mwanangu nimeusoma, na kwa ruhusa yangu mwenyewe nauweka hapa:

"Akae dawati la pili kutoka mbele, mgongo uelekee dirishani, mwanga ukimpiga usoni haoni kitu. Ubaoni chaki nyeupe tu, ubao uwe umepakwa upya. Nyekundu na bluu hazioni. Mwalimu asome kwa sauti anachoandika. Asinyang'anywe daftari akilileta karibu na pua, ndivyo anavyosoma. Mistari ya daftari ipitishiwe kalamu nyeusi nene. Gwaride asisimame juani. Kofia na mikono mirefu hata Jumamosi. Anapenda kutumwa ofisini, atumwe."

Mstari wa mwisho ulinitoa machozi, maana ni kweli, na ni jambo ambalo hakuna daktari angeliandika.

Kwa wenzangu wenye watoto wenye ualbino: mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa pia hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, kwa ajili ya ngozi za watoto wetu. Ulizia kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino kabla ya kununua dukani kitu usichokijua. Na tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri jua la Mtwara si la mchezo; walimu wa michezo wameshaambiwa.

Kama mtoto wako hayumo kwenye buku, muone mwalimu wa darasa uandikishe. Huhitaji cheti cha hospitali ili uandikwe. Cheti ni kwa ajili ya mambo ya swali la 15.

13. Mtoto wangu hasikii kabisa. Mtampokea?

Hapa nasema ukweli ingawa unaniuma. Mtoto asiyesikia vizuri, mwenye shimesikio (kile kifaa cha sikioni cha kumsaidia kusikia) au anayesoma midomo, tunaweza kumhudumia: akae mbele, mwalimu asiongee akiwa ameupa darasa mgongo, maelekezo yaandikwe. Wawili wapo na wanaendelea.

Mtoto kiziwi kabisa anahitaji Lugha ya Alama kama chakula, na si mwalimu peke yake anayepaswa kuijua, bali wenzake pia wa kuongea nao wakati wa mapumziko. Kwa sasa hapa mwenye lugha hiyo ni mmoja. Kumweka mtoto kiziwi katikati ya watoto arobaini wasioweza kumwambia neno si ujumuishi, ni upweke wenye sare ya shule. Ndiyo maana sheria yenyewe imeacha ule mlango wa mawasiliano ya pekee (swali la 3). Afisa elimu maalum wa halmashauri yako ndiye anayejua shule au kitengo chenye walimu na watoto viziwi. Anza kwake, na mwalimu wetu yuko tayari kukusindikiza. Akipatikana mwalimu wa pili na watoto kadhaa wa umri mmoja, jibu hili nitalibadilisha kwa furaha.

14. Watoto hawa hawatawarudisha nyuma wanetu?

Ninaulizwa hili kwa sauti ya chini, kwa hiyo nalijibu kwa sauti ya kawaida.

Nilikaa nyuma ya darasa la nne kipindi cha Hisabati. Kijana mpya alikuwa anaandika sehemu ubaoni huku akitamka kila anachoandika, kwa sababu ya ule mstari kwenye buku la mwanangu: "Robo tatu, naandika tatu juu, mstari, nne chini." Nikaangalia pembeni yangu. Binti mmoja mwenye macho mazima kabisa alikuwa anafuata kwa mdomo, akasahihisha daftari lake. Alikuwa ameandika nne juu. Mwalimu anayelazimika kueleza vizuri kwa ajili ya mmoja anawaelezea vizuri wote.

Ipo hofu nyingine ambayo hatuitaji, nayo ni wastani wa shule. Shule nyingi za binafsi zimejengewa jina na matokeo ya darasa la saba, na mtoto mwenye ulemavu anaonekana doa kwenye orodha. Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini vichwani mwetu orodha bado imebandikwa. Kabla ya kuja hapa nilimpeleka mwanangu shule moja, siitaji, nikaambiwa nimlete "akiwa na mtu wake wa kumsomea". Alikuwa na miaka sita na anasoma mwenyewe. Sikurudi.

15. Mitihani ya darasa la nne na la saba itakuwaje?

Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum. Wenye uoni hafifu wanapata karatasi ya maandishi makubwa, wasioona wanapata ya nukta nundu, na muda unaongezwa: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine.

Lakini haya hayaji yenyewe siku ya mtihani. Shule inapaswa kueleza mahitaji ya mtoto wakati wa kumsajili, na hapo ndipo karatasi ya hospitali inapohitajika. Mwaka ambao walimu wamebadilika ndio mwaka wa kusahau, kwa hiyo mzazi wa darasa la nne na la saba, usisubiri kuitwa. Nenda ukaulize mwanao ameonyeshwa vipi kwenye usajili, uone kwa macho yako. Na mtoto azoeshwe muda huo na maandishi hayo kwenye mitihani ya muhula. Karatasi kubwa ukiiona mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa inakutisha badala ya kukusaidia.

16. Nikapime wapi macho au masikio ya mtoto?

Kwa Mtwara mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini; upande wa Masasi wengi tunakwenda Ndanda; walio Lindi wana Sokoine, na walio njiani wana Nyangao. Ukipewa rufaa ya Dar es Salaam panga safari yako mbali na masika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika kule Somanga, na watu wenye tarehe za kliniki walikwama.

17. Ada ya mtoto mwenye ulemavu ni kubwa zaidi?

Ni ileile. Vifaa vya mtoto mwenyewe, kama miwani au shimesikio, ni juu ya mzazi. Ukishindwa, mwone paroko au mwalimu mkuu faragha.

## Yanapokwenda kombo

18. Mwalimu mgeni amemchapa mtoto asiyesikia, akidhani ana kiburi. Nifanye nini?

Hili limetokea mahali, na limenifikia. Mtoto aliitwa mara tatu, hakugeuka, akachapwa.

Kwanza ijue kanuni. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu yeyote anayenyanyua fimbo darasani kwa hasira tayari amevunja kanuni, mtoto awe na ulemavu au asiwe nao.

Nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo, na mtoto, utulivu ukiwa nao. Usipopata jibu panda kwa meneja, kisha katibu wa elimu wa jimbo. Mthibiti ubora wa shule wa halmashauri pia yuko wazi kwako. Kumwendea si kuisaliti shule ya Kanisa. Kama mtoto ameumia, polisi dawati la jinsia na watoto na hospitali vinakuja kabla ya vikao vyote.

19. Nimeambiwa mtoto arudie darasa au nimhamishe kwa sababu hajafikia wastani.

Wizara imekwisha kuzikataza shule za binafsi kuwafukuza au kuwakaririsha watoto kwa kigezo cha wastani ambao shule imejiwekea yenyewe. Omba uamuzi huo kwa maandishi. Mara nyingi ukiomba maandishi, uamuzi unalainika. Kama mwalimu ana hoja ya kweli kwamba mtoto hajamudu kusoma, mazungumzo yaanzie kwenye nini kitafanyika tofauti, kwa hatua zilizoandikwa kwenye buku la swali la 12.

20. Mwanangu ana kifafa. Mwalimu mpya akimwona ameanguka si atakimbia?

Mmoja alikimbia kweli, miaka ya nyuma, na watoto wakakimbia naye. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza walimu wote, pamoja na mpishi na mlinzi, walifundishwa hivi: ondoa vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola, mlaze ubavu akiweza kulazwa, angalia saa. Usimkabe ili atulie. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali moja kwa moja. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa povu. Mzazi ulete jina la dawa na saa zake za kunywa, na ulete tena kila zinapobadilishwa.

21. Mtoto akienda jandoni au unyagoni likizo ya Juni, kuna tatizo?

Mila ni yenu, likizo ni yenu. Ombi la walimu ni mtoto arudi siku ya kufungua, na kwa wenye dawa za kila siku mhakikishe dawa zinakwenda naye na kuna mtu mzima anayezisimamia huko.

22. Na huyu mwalimu wa elimu maalum naye akiitwa serikalini?

Anaweza kuitwa, na hakuna wa kumzuia. Wenye mafunzo yake ni wachache na halmashauri zinawahitaji.

Ndiyo maana tumekubaliana mambo matatu na uongozi. Kaunta buku lina nakala: moja kwenye kabati la mwalimu mkuu, nyingine kwa mwalimu wa darasa, na mwezi wa mwisho wa muhula zinalinganishwa. Mafunzo ya Ijumaa hayafutwi hata yeye akisafiri. Anasimama mwalimu mwingine kueleza alichojaribu wiki hiyo, kikafaulu au kikashindwa. Na kila mwalimu, si yeye pekee, anaandika kwenye buku. Mwanzoni walilalamika kwamba ni kazi ya ziada juu ya azimio la kazi na andalio la somo, na kweli ni ya ziada. Sasa mistari imeanza kuongezeka kwa mwandiko tofauti tofauti.

Jana nililisoma tena la mwanangu. Chini ya maneno ya Sista, yule kijana wa Hisabati aliye kwenye majaribio ameandika kwa kalamu ya bluu: "Akiulizwa kwa mdomo anakokotoa haraka kuliko darasa zima. Asipewe kazi ya kunakili kwanza." Miaka kumi nimeishi na mtoto huyu nyumba moja, na hilo sikuwa nalijua.